Kindi wa Mlimani na Kidiri wa Nyika

Hapana mnyama wa porini anayeonwa na watu wengi zaidi katika nchi ya Meru na Embu, wala anayejulikana kwa uchache zaidi, kuliko kindi. Tembo wa msitu wa Imenti huandikwa magazetini kila avukapo uzio na kuingia mashambani, na simba wa Hifadhi ya Taifa ya Meru walikwisha kupata sifa ya dunia nzima tangu siku za Elsa, yule aliyelelewa na Joy na George Adamson. Lakini kindi, ambaye hukimbia juu ya mabati ya nyumba zetu kila jua lichomozapo, ameachwa na jina moja tu, kana kwamba ni mmoja, mwenye tabia moja na makosa mamoja. Ilhali mtu anayeishi katika nchi hii, kama ana macho ya kutazama na subira ya kungoja, aweza kuona kindi wa namna tatu walio mbalimbali kwa umbo, kwa makao, kwa chakula, na hata kwa adabu yao mbele ya binadamu. Na kila mmoja ana kipande chake cha mteremko, ambacho amegawiwa na mvua na kimo cha ardhi.

Kwanza nchi yenyewe. Katika nchi hii kuna makutano mawili ya barabara yaitwayo Makutano. Moja liko chini, pale barabara ya Embu inapoachana na barabara kuu ya Nyeri na kushika njia ya Mwea, kwenye joto na mashamba ya mpunga. Na la pili liko juu, katika mji wa Meru, kiasi cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo msitu wa Imenti umesogea karibu na mji hata ndege wa msituni husikika katika nyua za watu. Msafiri atokaye la kwanza kwenda la pili hupita Embu, Runyenjes, daraja la Thuci, Chuka, bonde la Nithi ambalo madereva hulitaja kwa hofu, kisha Nkubu, na muda wote huo Mlima Kenya, wenye mita 5,199, uko mkono wake wa kushoto ilhali nyika za Mbeere na Tharaka zinashuka mkono wake wa kulia mpaka Mto Tana. Kushoto, msitu, kisha majani ya chai, kisha kahawa chini ya vivuli vya migrevilea na migomba na makadamia. Kulia, mahindi, kisha ndengu, kunde na mtama, kisha migunga na vumbi. Mtu akiukata mteremko huo toka juu hata chini, atakuwa amewapita kindi wote watatu kabla ya adhuhuri.

Wa juu kabisa ni kindi wa jua, naye ndiye mwenye haya kupita wenziwe. Mwili wake una urefu wa sentimita 20 na zaidi, mkia wake unapita urefu huo, na mkia huo umevikwa pete nyembamba za rangi nyeusi na nyeupe zilizofuatana toka shinani hata ncha, ambazo ndizo alama ya kumtambulia hata awapo juu sana. Miguu yake ina wekundu wa kutu, na mgongo wake ni wa kahawia iliyonyunyiziwa manjano. Wataalamu wa Ulaya walimjua kwa jina la Heliosciurus, maana yake kindi wa jua, kwa kuwa ana desturi ya kulala kifudifudi juu ya tawi lililo wazi, miguu imeachiliwa huku na huku, akiota jua la asubuhi baada ya usiku wa baridi ya mlimani. Na wale wa Mlima Kenya walipewa jina la keniae na Oscar Neumann, Mjerumani, mwaka 1902. Huyu hakai karibu na watu. Huishi kwenye dari ya msitu, peke yake au wawili wawili, hulala katika matundu ya miti mizee, na riziki yake ni matunda, mbegu, machipukizi, wadudu, na mara kwa mara yai la ndege ambaye hakuwa na hadhari.

Yafaa kumtazama anaposhuka mtini, maana hapo ndipo hikima ya maumbile yake huonekana dhahiri. Paka akipanda mti hushuka kinyumenyume kwa aibu, makucha yakikwaruza gome; kindi hushuka kichwa mbele, kwa mwendo ule ule aliopandia, kwa sababu kifundo cha mguu wake wa nyuma hugeuka hata nyayo zikatazama nyuma, na kucha zake zikashika gome kutoka juu. Mkono wake una vidole vinne tu vya kufaa, kidole gumba kimebaki kama kinundu, na bado kwa vinundu hivyo viwili hushika tunda na kulizungusha mdomoni kwa ustadi ambao fundi wa kerezo angeuhusudu.

Wageni waliwaandika wanyama wadogo wa mlima huu mapema. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amestaafu urais wa Marekani, alikuja Kenya kuwinda, akafika mpaka Meru; lakini wakati yeye akifuata tembo, wataalamu wawili wa msafara wake, Edgar Mearns na Alden Loring, walipanda Mlima Kenya kukusanya wanyama wadogo, na ngozi zao zikapelekwa Washington katika makumbusho ya Smithsonian. Dunia ilisoma habari za tembo. Walakini mtu akitaka leo kujua ni wanyama gani wadogo waliokuwa wakiishi kila kimo cha mlima huu kabla ya mashamba kupanda juu, hatasaidiwa na pembe zilizotundikwa ukutani. Atasaidiwa na zile ngozi ndogo zenye vikaratasi vya tarehe na mahali.

Na haja ya kujua ipo, maana kindi wa jua hafuati mtu aendapo. Msitu ukirudi nyuma, naye hurudi. Katika miaka ya 1990 misitu ya pande hizi iliteswa sana kwa misumeno, makaa na mashamba ya siri, na mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilirusha ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare, likatoa taarifa ya uharibifu iliyowashtua wengi. Miti iliyokatwa kwanza ilikuwa ile mikubwa yenye thamani, ukiwamo mwaloni wa Meru, ambao wenyeji huuita muuru na ambao asili yake ni nchi hizi za Mlima Kenya. Na mti mkubwa mzee ndio wenye matundu. Mpanda miche ya miaka mitano ana sifa zake, nami simnyimi, lakini mche wa miaka mitano hauna tundu la kulaza kindi.

Tukishuka kidogo tunamkuta wa pili, na huyu ndiye ambaye msomaji wa Makutano ya Meru au wa Embu mjini amemwona leo hii. Ni kindi wa vichaka. Ni mdogo sana, uzito wake ni kiasi cha gramu mia moja au pungufu, rangi yake ni ya manjano iliyochanganyika na majivu, tumbo limepauka, na mkia wake una alama hafifu ambazo hazifikii zile pete za bwana mkubwa wa msituni. Wataalamu humwita Paraxerus ochraceus, na ni fahari ndogo ya pwani yetu kwamba wa kwanza kuelezwa na Huet, Mfaransa, mwaka 1880, alitoka Bagamoyo. Tangu pwani hiyo mpaka Nairobi na kupita, huishi popote penye ua, kichaka au mti: katika lantana za kando ya njia, katika migrevilea ya mipaka ya mashamba ya kahawa, katika mapaa ya shule, na vilevile huko chini kwenye migunga ya Hifadhi ya Meru, ambako huramba gundi ya mti na kula mbegu za mgunga. Kwa hiyo huyu hana mpaka mmoja kama wenzake. Ameshika katikati yote ya mteremko, akateremka na chini.

Ukubwa wake usikudanganye, kwa kuwa ni mnyama jasiri na mwenye kelele nyingi. Akimwona nyoka mtini hakimbii: husimama umbali wa hatua chache, kichwa kimemwelekea adui, mkia ukipigwa juu na chini, na hutoa mlio mkali wa haraka, tak tak tak, asiouacha kwa dakika nyingi, wengine husikia, wakaja, na pamoja nao wakaja ndege wadogo, hata nyoka yule, aliyekuwa akitegemea siri, akaona heri aende zake. Mama wa nyumbani aliyezoea huijua sauti hiyo, akawaita watoto ndani kabla hajaona kitu. Kwa kipanga mlio huwa mwingine, mfupi, na mara kimya, kila mmoja akijibana upande wa pili wa shina. Kindi hulinda nafsi yake. Mwenye nyumba hupata faida pasipo kulipa mlinzi.

Sasa tuje kwenye tuhuma. Mkulima wa Runyenjes au wa Nkubu atakuambia kwamba kindi humlia makadamia, na hasemi uongo. Zao hili si la kale kwetu. Mbegu zake zililetwa Kenya mwaka 1946 na Bob Harries, mlowezi wa Thika, toka nchi ya Australia, na Embu na Meru zikawa miongoni mwa sehemu zilizolipokea vyema kupita nyingine zote. Karanga yake ina gamba gumu kiasi kwamba watu hulivunjia kwa jiwe au kwa mashine. Kindi, kama wagugunaji wote, ana meno manne ya mbele yasiyoacha kukua maisha yake yote, yenye gamba gumu la rangi ya chungwa upande wa mbele tu. Na kwa kuwa nyuma ni laini, hulika upesi, hata jino likawa na makali ya patasi siku zote pasipo kunolewa. Kwa meno hayo hushambulia hasa karanga changa, ambazo gamba lake halijakauka, akatoboa tundu na kuukomba ute na kiini.

Lakini insafu yataka ushahidi. Duniani kote penye makadamia, adui mkubwa miongoni mwa wagugunaji ni panya, hususan panya wa paa, naye hufanya kazi usiku. Kindi hulala mara jua linapotua, wala hatoki mpaka liwe limechomoza. Mkulima afagie chini ya mti jioni, aokote maganda yote, kisha aende tena alfajiri kabla ya jua: akikuta maganda mapya yenye alama za meno, ajue kwamba mshtakiwa wake alikuwa amelala. Nimeona bustani ambamo kindi walipigwa manati mwaka mzima, na maganda ya usiku hayakupungua hata kidogo.

Wa tatu ni wa ardhini, ambaye katika makala haya tutamwita kidiri, ijapokuwa watu wa pwani wanao pia neno kuchakuro na hulitumia kwa jamaa hawa bila ya kubagua sana. Kidiri ni mtu wa nyika. Humkuti Makutano ya juu, wala kwenye majani ya chai. Lakini teremka kutoka Embu kwenda Mbeere, au kutoka Meru kwenda Tharaka, au kwenda upande wa Isiolo, mpaka udongo ugeuke na migunga ianze kutawanyika, hapo utamwona kandokando ya njia, amesimama wima kwa miguu miwili, mikono kifuani, akikukagua. Yeye ni Xerus rutilus, aliyeelezwa na Cretzschmar mwaka 1828, na jina hilo la Xerus latokana na neno la Kiyunani la ukavu. Manyoya yake hayana ulaini wa kindi. Ni makavu, ya kuchoma kama miba midogo, rangi ya udongo mwekundu, wala hana mstari ubavuni. Masikio yake ni madogo hata huonekana kama hayapo, na kucha zake ni ndefu, zilizonyoka, za kuchimbia. Anaye ndugu yake mwenye mstari mweupe kila ubavu, ambaye hupatikana Baringo na sehemu za magharibi. Mwenye kusafiri aangalie ubavu kabla ya kusema kitu.

Huyu haijui baridi, na mti si makao yake. Hulala shimoni, katika mashimo yenye milango kadhaa, hutoka jua likisha kupata nguvu, na joto likizidi hurudi chini ya kivuli au ndani ya ardhi. Hula mbegu, majani, matunda yaliyoanguka, mizizi na wadudu. Na mkulima wa Mbeere anayepanda mahindi au njugu mwezi wa Oktoba, akingoja mvua za vuli, ana madai ya haki juu yake, kwa kuwa kidiri hufuata mstari wa mashimo ya mbegu kwa pua, akafukua moja baada ya moja, akaacha vishimo vidogo vilivyofuatana kwa utaratibu wa kuudhi. Hatari hiyo ina muda wake: huanza siku ya kupanda, na huisha mche ukisha kushika mizizi na mbegu kwisha ndani yake. Ndiyo maana wazee huwaweka watoto shambani katika siku zile chache, nayo ni dawa bora kuliko sumu, ambayo humuua kidiri leo na kesho ikamuua kuku, mbwa, na tai aliyeokota mzoga.

Hapa kuna mkanganyo unaofaa kuondolewa. Mara nyingi abiria wa matatu husema wamemwona kidiri akivuka barabara, ilhali aliyevuka ni nguchiro. Kama mnyama alikuwa mrefu, mwembamba, amenyata chini chini, na mkia wake una ncha nyeusi aliyoiinua alipoingia majani, basi huyo ni nguchiro mwembamba, mla nyama, ambaye kidiri mwenyewe humkimbia. Kidiri hurukaruka, nguchiro huteleza.

Jamaa hawa wana ndugu wengi nchini ambao hatuwezi kuwaeleza wote hapa. Kakamega kuna kindi mkubwa wa msitu. Pwani, katika Arabuko-Sokoke na Shimba, kuna kindi mwekundu ambaye tumbo lake hung'aa kama moto, naye yuko Unguja na Mafia pia. Lakini watoto wetu, nasikitika kusema, humjua zaidi kindi wa Ulaya, maana ndiye aliyechorwa katika vitabu vyao, akikusanya njugu kwa ajili ya theluji. Kindi wetu hawalali usingizi wa majira ya baridi, wala hawana theluji ya kungoja. Mwaka wao umegawanywa na mvua za masika na za vuli, na akiba wanayozika ni ndogo ndogo, mbegu hapa na mbegu pale. Nyingine husahauliwa, na iliyosahauliwa huota.

Isitoshe, kindi si mnyama wa kuchukuliwa na kupelekwa kwingine kwa kupendeza macho. Waingereza walileta kindi wa kijivu kutoka Marekani wakamwachia huru Cheshire mwaka 1876. Leo kindi mwekundu wa asili yao ametoweka katika sehemu kubwa ya Uingereza, ameshindwa chakula na kupigwa na ugonjwa aliouleta mgeni, wala fedha zinazotumiwa hazijamrudisha kila mahali.

Neno moja juu ya afya, kwa kuwa vijana wa manati huchoma na kula wanachokiangusha. Mwaka 1985, huko Zaire, virusi vya ndui ya nyani, ambayo sasa huitwa mpox, vilipatikana katika kindi wa msituni aliye mgonjwa, wa jamii nyingine na hawa wetu. Sisemi kwamba kindi wa Imenti ana maradhi hayo. Nasema kwamba mnyama wa porini aliyeokotwa akiwa mgonjwa au amekufa hashikwi kwa mkono mtupu, wala haliwi, na viroboto wa kidiri si wa kuletwa nyumbani. Fauka ya hayo, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda pasipo kibali, nayo haikumtoa kindi kwa sababu ya udogo wake.

Kwa bahati njema hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu anayehesabiwa duniani kuwa katika hatari ya kutoweka. Kindi wa vichaka atakuwapo maadamu kuna nyua na miti, na kidiri maadamu kuna nyika. Ninayemhofia ni yule wa juu, kwa sababu yeye hana pa kuhamia: juu ya msitu ni mianzi na baridi kali, chini yake ni chai. Basi ombi langu ni kwa walimu wa shule zilizo ukingoni mwa msitu, kuanzia Irangi mpaka Imenti: wapeni wanafunzi kazi ya kuandika kila kindi waliyemwona, siku, saa, mti, na kama mkia wake ulikuwa na pete au la, na daftari hizo zikijaa mzipeleke KWS au Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi. Na kwa mkulima mwenye muuru mzee mpakani mwa shamba lake, wenye tundu lisilomzuia kulima, ombi ni jepesi zaidi: auache usimame.